Kaidi Mia Sita

3 Machi

Mkurugenzi amenikabidhi daftari hili leo asubuhi mbele ya watu, kama anayenivisha nishani. Anataka niandike humu habari zote za uwanda wangu mpaka nitakapostaafu mwisho wa Agosti. "Mambo ya kitaalamu tu, mama," akasema. Nitaandika ninachotaka. Mtu asiyeweza kutofautisha mche na gugu hana mamlaka ya kunichagulia la kuandika.

Kwa atakayesoma baada yangu: hiki ni kituo cha mimea cha chuo cha kilimo, kimejengwa kwenye bega la mlima mahali ambapo nguo haziwahi kukauka sawasawa. Mimi ni mtunza bustani hapa. Nina uwanda mmoja wa majani, hatua mia kwa sitini, na ndani yake ua moja la njano ambalo lilitolewa mlimani juu, kwenye majani ya baridi. Jina lake la vitabuni ni refu kama hotuba ya Mkurugenzi. Sisi tunaliita Kaidi.

Jina limelifaa. Ukilipa samadi linaoza. Ukilitilia chokaa linakufa. Linataka udongo mchachu, mkondefu, na majani mafupi ya kulipa kampani. Miaka mitatu ya kwanza linalala tu, majani yake manne au sita yamejibandika chini kama sahani, na wanafunzi wanalikanyaga wakidhani ni gugu. Mwaka wa nne, likipenda, linasimamisha shina moja lenye ua moja. Halina haraka na mtu. Chini ya udongo linatambaa kwa ubavu, linatoa watoto pembeni, kisha mama wa katikati anakufa na watoto wanabaki duara. Kila mvua zinapoanza mimi huchukua sepeto, nikagawa watoto, nikawapanda mbele. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Leo nina mashina mia sita yaliyokomaa, na hakuna mwingine katika kituo hiki aliyewahi kuotesha hata matatu.

6 Machi

Mvua bado. Mdogo wangu kafyeka upande wa chini. Kafyeka vibaya.

10 Machi

Kikao. Chuo kinataka uwanda wangu uwe maegesho ya mabasi ya wanafunzi. Kamati, kwa huruma zake, imeweka sharti. Mkurugenzi alilisoma kwenye karatasi huku akiikwepa sura yangu: uwanda utabaki ikiwa unaweza kujizalisha wenyewe kwa mbegu. Mbegu mia moja zitapandwa kwenye trei mwisho wa Juni. Zikiota thelathini, uwanda unabaki. Zisipoota, lami.

"Elewa, mama," akasema. "Ukiondoka, nani atagawa mashina kwa mkono? Kitu kinachomtegemea mtu mmoja si uwanda, ni chungu cha maua."

Nilimwangalia mpaka akarekebisha tai. Mbegu! Kaidi wangu wanatoa vichwa mia sita kila mwaka, kila kichwa kina mbegu za kujaza kiganja. Sijawahi kuzipanda kwa sababu sijawahi kuzihitaji. Sepeto lina uhakika zaidi. Lakini wakitaka mbegu thelathini nitawapa elfu tatu wazitafune.

17 Machi

Wameniletea mtaalamu. Binti wa miaka ishirini na sita hivi, ana mkataba wa mwaka mmoja wa kunisaidia na kurithi kazi. Kafika na viatu vyeupe. Mlimani, Machi, viatu vyeupe. Shingoni kaning'iniza tepu ya kupimia na mfukoni ana rula mbili, sijui ya pili ni ya kupimia ya kwanza. Kufikia saa sita alikuwa amepima upana wa uwanda, kina cha udongo, na mlango wa stoo. Nimempa jina la Kipimo. Jioni hata mpishi alikuwa analitumia.

"Shikamoo mama," alisema. "Nimesoma sana habari za ua lako."

"Marahaba. Umewahi kuligusa?"

Hakuwahi.

18 Machi

Mvua imeanza. Kipimo kaanguka mara mbili. Nilihesabu, maana na mimi ni mtaalamu.

25 Machi

Tumegawa mashina siku tatu mfululizo. Nilimwonyesha jinsi ya kuingiza sepeto kwa mshazari usikate shina la chini. Kaniuliza kwa nini nachukua watoto wa mashina marefu tu. Nikamwambia kwa sababu mimi si kipofu. Kaandika. Anaandika kila kitu huyu, hata matusi.

Mdogo wangu alikuwa anasukuma toroli. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, nilimtafutia kazi hapa ya kukata nyasi mwaka ule ule nilioanza, na tangu siku hiyo hajazidisha maneno kumi kwa siku. Watu wanasema ni mpole. Mimi nasema hana la kusema. Kaishi nyumbani kwangu, chumba cha uani, miaka kumi na tisa, na sijui anapenda nini zaidi ya chai.

2 Aprili

Mvua.

3 Aprili

Mvua. Mkurugenzi kaja na mwavuli, kasimama mlangoni pa stoo, kasema "Kazi nzuri", kaondoka. Nilikuwa nimekaa.

11 Aprili

Leo ningeweza kumfunga mtu kwenye gunia.

Nilishuka mjini asubuhi kuonana na daktari wa magoti. Nimerudi saa tisa, nikaona ukanda mweupe kwenye kona ya chini ya uwanda. Nilidhani macho yananidanganya. Nilisogea. Chokaa! Kipimo kapima udongo kwa vikaratasi vyake vya rangi, vikamwambia udongo ni mchachu mno, na yeye bila kumuuliza mtu akamwaga chokaa, mfuko mzima, ili "kuusawazisha". Hatua nne kwa tatu. Mashina ishirini na tano.

"Udongo ulikuwa mbaya, mama," akasema. Bado alikuwa na koleo mkononi.

"Mbaya kwa nani?"

"Kwa... kwa mimea."

"Kwa mahindi! Umeona mahindi hapa? Nilikwambia nini siku ya kwanza?"

"Ulisema Kaidi hapendi chokaa. Nilidhani ni... nilidhani ni mazoea tu."

Mazoea! Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, si kwa heshima yake bali kwa kuwa Mkurugenzi anaweza kuomba daftari. Wafanyakazi wote walitoka kusikiliza. Mpishi alitoka na mwiko. Nilimwambia vyeti vyake akavifungie maandazi. Nilimwambia kama anataka kusawazisha kitu aanze na kichwa chake. Nilitegemea atalia. Hakulia, na hilo lilinikera zaidi. Aliweka koleo chini, akavua koti, akaanza kuukwangua ule udongo kwa mikono na kuutia kwenye karai.

Mdogo wangu akaenda kumsaidia. Hakuniuliza.

13 Aprili

Kipimo bado anakwangua. Kabeba karai arobaini hadi bondeni. Viatu sasa havina rangi inayojulikana. Nimepita mara tatu sikumsemesha.

19 Aprili

Ishirini na tano wote wamekufa. Majani yalikuwa ya njano kwanza, kisha rangi ya chai. Nimewang'oa mwenyewe na kuwapanga mlangoni pa chumba chake, mmoja mmoja, aamke awaone.

20 Aprili

Kawazika. Nyuma ya stoo, kwenye mstari, na kila mmoja kamwekea kibao chenye tarehe. Mwanamke mwenye digrii mbili.

8 Mei

Machipukizi ya maua yameonekana. Yamesimama kwenye kitovu cha kila sahani ya majani, madogo, ya kijani, yenye nywele. Mvua inapungua mchana.

22 Mei

Wamefunguka.

Sina maneno mengi leo na sitaki kuyatafuta. Jana uwanda ulikuwa kijani. Leo saa mbili ukungu ulipopanda, mashina mia tano sabini na tano yalikuwa njano, siku moja, kimo kimoja, yamesimama wima kama gwaride. Wanafunzi wamekuja kupiga picha. Mkurugenzi alipigwa picha amechuchumaa, suruali ikapasuka. Hata mlevi wa getini kasema "Duh." Huu ni uwanda wangu. Niliufanya kwa mikono hii, na ningependa mtu aniambie ni nani mwingine hapa aliyefanya kitu chochote.

24 Mei

Kipimo amekaa kwenye majani tangu asubuhi akihesabu nyuki. Nyuki ni wengi, wanaingia na kutoka, miguu imejaa unga wa njano. Nilimwambia mbegu zitamwagika kama mvua. Akaitikia kwa kichwa tu, kisha akasimama.

"Mama, nimepima mashina hamsini. Urefu unatofautiana kwa upana wa kidole tu. Hata idadi ya petali ni ile ile."

"Asante."

"Sikusema kama sifa."

Basi aliisema kama nini? Miaka kumi na tisa nimechagua aliye mrefu, aliyenyooka, mwenye kichwa kikubwa, ili mtoto aliyezaliwa juzi aje aniambie kwamba wanafanana mno. Ningempa uwanda wa vibeti na vilema angefurahi, angepata cha kupima.

30 Mei

Anazidi kunyamaza. Wanyamavu wawili sasa, yeye na mdogo wangu. Wanakunywa chai pamoja kwenye ngazi za stoo. Sijui wanaambiana nini. Pengine wanahesabiana pumzi.

9 Juni

Petali zimeanguka. Mvua imekatika. Upepo mkavu.

20 Juni

Tumevuna vichwa. Vimeiva vizuri, vimefura, vimejaa manyoya meupe. Nilijaza mifuko kumi na miwili ya karatasi na nikajipongeza kwa kikombe cha kahawa. Kipimo alikuwa amekaa mezani na mfuko mmoja. Alikuwa anachukua mbegu moja, anaibana kwa ukucha, anaiweka kando, anachukua nyingine.

"Unafanya nini?"

"Bana hii, mama."

Niliibana. Ikabonyea kama ganda la pumba. Hakukuwa na kitu ndani.

"Hiyo moja," nikasema.

"Bana nyingine."

Nimebana mpaka jua limeshuka. Nimebana kutoka kila mfuko. Mbegu mia nne, naandika idadi kwa kuwa sasa na mimi nimeambukizwa. Zote mapepe.

21 Juni

Nimebana mia mbili nyingine. Mapepe.

30 Juni

Trei imepandwa. Mbegu mia moja zilizochaguliwa kwa mizani, juu ya udongo, hazikufukiwa, maana mbegu ya Kaidi inataka mwanga. Mkurugenzi alisimamia na kutia sahihi kwenye kibandiko. Tulimwambia tunatumaini. Mimi ndiye niliyesema, na Kipimo akaangalia dirishani.

8 Julai

Hakuna.

12 Julai

Hakuna. Magoti.

15 Julai

Hakuna. Nimemfokea mpishi bila sababu, kisha nikamfokea tena kwa kuwa aliniuliza sababu.

19 Julai

Kitu cha kijani kimechomoza kwenye trei. Nilikimbia, mimi, na magoti haya. Ni nyasi.

23 Julai

Mkurugenzi kaja na watu wawili wa kamati. Wamesimama mbele ya trei kama watu waliofika msibani bila kumjua marehemu. Mkurugenzi akaniuliza mbele yao, "Mama, ni nini kimetokea? Kuna kilichoharibu?"

Naandika hapa nilichosema, neno kwa neno: "Kuna chokaa ilimwagwa uwandani mwezi wa nne."

Basi. Sikusema uongo. Chokaa ilimwagwa.

Mkurugenzi alimgeukia Kipimo. "Ni kweli?"

"Ni kweli," Kipimo akasema.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuomba ruhusa."

Wale wa kamati wakanong'onezana. Uamuzi ulitoka hapo hapo, wima, bila hata kukaa: mkataba wa Kipimo unakatishwa mwisho wa mwezi, na uwanda utapewa msimu mmoja zaidi, "kwa kuwa jaribio liliharibiwa". Mabasi yatasubiri. Mkurugenzi alinishika bega, akaniambia pole kwa yaliyonipata.

Kipimo aliniangalia. Nilitegemea hasira, ningejua la kufanya nayo. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananipima.

24 Julai

Uwanda umepona. Nimelala vizuri.

25 Julai

Nimelala vizuri tena. Naandika ili ijulikane.

26 Julai

Mdogo wangu hakunywa chai kwangu leo.

28 Julai

Kipimo kaja nyumbani kuniaga. Nilimkaribisha kwa kuwa sikuwa na njia. Alikuwa mlangoni na mdogo wangu alikuwa ameshamfungulia. Kaniwekea mezani madaftari yake matatu, vipimo vyote, kwa ajili ya "atakayekuja". Akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mama, chokaa haikufanya hivi. Ilikuwa kona moja. Nadhani unajua."

"Ninachojua ni mashina ishirini na tano."

"Hayo niliyaua mimi. Sikatai. Lakini zile mbegu..." Akashika daftari moja, hakulifungua. "Kaidi hapokei unga wake mwenyewe. Nyuki akitoa unga kwenye ua akaupeleka kwenye ua jingine la mzizi ule ule, mbegu inakuwa pepe. Lazima utoke kwa mwingine. Asiye ndugu."

"Nyuki walikuwa wengi. Uliwahesabu mwenyewe. Na maua yalikuwa mia sita kasoro."

"Maua ndiyo. Lakini mama, kila mtoto uliyemgawa kwa sepeto ni mama yake yule yule. Si mwanawe, ni yeye. Na ukimgawa huyo tena, ni yeye bado. Wewe huna Kaidi mia sita. Una mmoja."

Nilicheka. Nilimwambia nilipanda mwenyewe mlimani mwaka wa kwanza, magoti yangu yakiwa ya msichana, nikashuka na magunia matatu, mashina arobaini kutoka miteremko tofauti. Arobaini! Mrefu, mfupi, mwembamba, kila namna. Nani aliyemwambia ni mmoja?

"Ukawang'oa, dada," mdogo wangu akasema. Alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Nikang'oa nini?"

"Wale wengine. Wafupi wenye manyoya ulisema wanatia aibu, tukawatupa mwaka wa pili. Waliopinda ulisema ni walevi. Wale waliokuwa wanachelewa kutoa maua ulisema ni wavivu kama mimi. Kila mwaka ulikuwa unang'oa. Mwaka wa sita alibaki yule mmoja mrefu aliyekuwa kando ya bomba, ukaanza kumgawa yeye. Mimi ndiye niliyekuwa nasukuma toroli."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Nilikuwa nimeshika kikombe nikakiweka chini.

"Miaka yote hiyo. Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

Alisema bila ukali, kama mtu anayeulizwa saa. Kisha akaenda uani kwake.

Nilibaki na yule binti. Nilikuwa nimegeukia ukuta ili asione uso wangu. Nikamuuliza kwa nini hakusema haya mbele ya kamati, maana bila shaka alishajua. Aliyajua tangu siku ile alipopima mashina hamsini.

"Nilikuwa nakisia tu. Kisha mdogo wako akanieleza," akasema. "Lakini ningesema pale, wangesema uwanda umeuliwa na mtunzaji wake, basi, leteni tingatinga. Chokaa imewapatia msimu mmoja. Mimi ni kijana, nitapata kazi nyingine. Uwanda hauwezi kupata mlima mwingine."

Sikumwomba anifanyie hivyo. Sikumwomba chochote. Nilimwambia safari njema.

29 Julai

Nimekaa uwandani tangu asubuhi. Nimekuwa nikitembea kutoka shina hadi shina nikitafuta mmoja asiyefanana na mwenzake. Mmoja tu. Mwenye jani la ziada, mwenye nywele nyingi, yeyote. Hakuna. Nimefanya kazi nzuri mno.

Nimewadharau watu wengi katika daftari hili. Mkurugenzi nitaendelea kumdharau, anastahili. Lakini nimerudia kurasa za nyuma na nimeona aibu. Kipimo aliua ishirini na tano akajua ameua, akawazika na tarehe. Mimi niliua thelathini na tisa na nikaita usafi. Kisha nikamwachia yeye kesi.

30 Julai

Ofisini kwa Mkurugenzi. Ana kiyoyozi, mlimani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: kwamba chokaa haihusiki, kwamba mbegu ni mapepe kwa sababu yangu, kwamba binti hana kosa la kumfukuzisha kazi.

Alikuwa hataki kujua. Nilimwona usoni jinsi alivyokuwa anatafuta namna ya kutojua.

"Mama," akasema, "umebakiza mwezi mmoja. Kwa nini usistaafu kwa amani? Jambo lilishakwisha."

"Halijaisha. Kuna mtu anafunga mizigo."

"Ukisema hivi kwenye kamati, ule msimu wa ziada haupo. Unaelewa? Uwanda unakwenda."

"Naelewa."

"Na itaandikwa kwamba ni wewe." Akavuta karatasi, akaandika jina langu.

"Andika vizuri, basi. Umeanza vibaya, jina langu lina herufi mbili umezikosea."

Nikatoka.

1 Agosti

Kipimo bado yupo. Kaambiwa asubiri kamati. Haniulizi kitu. Tumefyeka pamoja upande wa juu, yeye, mimi na mdogo wangu, na kwa mara ya kwanza nimeona kwamba mdogo wangu anafyeka vizuri. Anainua fyekeo kidogo kila anapofikia sahani ya Kaidi, hajakata hata moja. Sijui kama ameanza leo au alikuwa anafanya hivyo siku zote. Naogopa kumuuliza.

6 Agosti

Kamati imekaa muda wa saa nne kisha ikanikata katikati, maana kamati haijui njia nyingine ya kukata. Nusu ya chini ya uwanda inakwenda kwenye mabasi. Nusu ya juu imepewa misimu miwili. Kipimo anabaki, na uwanda ni wake kuanzia tarehe moja Septemba. Kwenye barua wameandika kwamba mimi "sitahusishwa tena katika uchaguzi wa mimea". Mkurugenzi alinisomea sentensi hiyo mara mbili. Nilimwambia nimeisikia.

9 Agosti

Tingatinga limeanza. Mashina mia tatu. Wanafunzi walikuja kuokota mashina yaliyofukuliwa. Niliwaangalia mpaka mwisho kwa kuwa niliona ni haki niangalie.

12 Agosti

Kipimo na mdogo wangu wanapanda mlimani leo kuleta Kaidi wengine. Wakati si mzuri, lakini mawingu yameshuka siku tano mfululizo na udongo una unyevu. Mimi siwezi kupanda. Magoti yangu yanaishia kwenye ngazi za stoo. Nimewafungia mkate, nimewapa magunia na sepeto langu. Sijawahi kumpa mtu sepeto hilo.

Kipimo alikuwa ameshavaa mabuti. Akaniuliza, "Mama, juu kule watakuwa mamia. Nichague wepi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu tayari, miaka kumi na tisa ya jibu: mrefu, aliyenyooka, mwenye kichwa kikubwa. Nikalimeza.

"Ukiona mmoja ukajua kabisa kwamba mimi ningemng'oa," nikamwambia, "huyo mchukue."

Hakucheka. Aliandika.

13 Agosti

Hawajarudi. Ukungu.

14 Agosti

Wamerudi saa kumi, wamelowa hadi mifupani, magunia mawili mgongoni kwa mdogo wangu na moja kwa Kipimo. Tuliwamwaga Kaidi kwenye turubai mbele ya stoo.

Sijawahi kuona mkusanyiko wa aina hii. Kuna vifupi vyenye nywele kama panya aliyetoka majini. Kuna kimoja shina limepinda mara mbili kana kwamba lilibadili mawazo njiani. Kuna vyenye majani membamba, vyenye majani mapana, vyenye madoa. Kuna viwili ambavyo bado vina ua, katikati ya Agosti, maua madogo yaliyosinyaa, yanaangalia chini. Mdogo wangu alivishika kimoja kimoja na kunipa, na kila nilichopokea kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye mzizi, tayari kukitupa.

Kipimo alikuwa anauliza nafasi kati ya shina na shina iwe ngapi. Nilimwambia aache rula, atumie urefu wa sepeto. Nikapiga magoti, yakaumia, nikaanza kuchimba. Kwa kila shimo niling'oa mrefu wangu mmoja na kumtupa kwenye toroli, na mdogo wangu akasukuma.

Ni wabaya. Ni wabaya kupita kiasi, na nitasema hivyo mpaka siku ninayoondoka. Nimewapanda wote thelathini na mmoja.